Sahihi ya Watu Thelathini na Wanane

Bucha ya Kaluki,
Kitengela.
3 Mei 1999

Kwa Meneja,
Benki ya Milima Saba,
Tawi la Kajiado.

Bwana Meneja,

Sikusalimu, kwa sababu salamu ni za watu wanaotakiana heri.

Mimi ni mchinjaji. Nafunga nyama kwa magazeti makuukuu, na wateja wangu wameizoea tabia yangu moja: sifungi kitu kabla sijaisoma karatasi. Ijumaa iliyopita mama mmoja alikuwa akingojea nusu kilo ya matumbo, nami nikakutana na ukurasa wa Gazeti Rasmi la Serikali. Maskini, alingoja sana. Nilizisoma Kanuni za Mauzo ya Mifugo mara tatu, kisha nikamfungia matumbo yake kwa ukurasa wa michezo.

Kanuni zinasema kwamba kuanzia tarehe mosi Agosti hakuna mtu wa wilaya hii atakayeuza ng'ombe, mbuzi wala punda mkono kwa mkono. Mnunuzi atapeleka pesa benki, benki itakata ada yake, muuzaji ataifuata benki kuchukua kilichobaki, na mnyama hatatoka mnadani bila risiti. Benki iliyoidhinishwa ni moja tu: yenu. Tawi lililoidhinishwa ni moja: lako. Mnada wetu wa Kitengela ni Jumamosi, na Jumamosi saa tano wewe umeshafunga mlango. Basi nieleze: ng'ombe aliyeuzwa saa saba atalala wapi mpaka Jumatatu? Kwako?

Mji huu unalishwa na mnada. Mnada ukifa, mimi nafunga bucha, wachuuzi wa mifugo wanafunga virago, na mfugaji anabaki kutazamana na ng'ombe wake. Hatutakubali. Nataka jibu, na nalitaka kwa maandishi.

Kaluki Ndolo,
Katibu, Umoja wa Wauza Mifugo na Wachinjaji.


Benki ya Milima Saba,
Kajiado.
10 Mei 1999

Bi. Kaluki Ndolo,

KUH: KANUNI ZA MAUZO YA MIFUGO

Barua yako ya tarehe 3 Mei imepokelewa na kuwekwa kwenye faili. Kwa utaratibu wa benki hii, kila barua hujibiwa ndani ya siku saba. Hili ndilo jibu.

Kanuni ni za Wizara. Benki inatekeleza tu.

Kuhusu ng'ombe wa Jumamosi, kanuni hazikusema atalala wapi.

Wako mtiifu,
N. Situma,
Meneja wa Tawi.


Kitengela.
14 Mei 1999

Bwana Situma,

"Benki inatekeleza tu." Sentensi hiyo nimeibandika ukutani juu ya gogo la kukatia nyama, ili kila nikiinua shoka niwe na hasira ya kutosha.

Nilikwenda Nairobi nikanunua Gazeti Rasmi zima, kwa sababu ukurasa mmoja wenye damu ya mbuzi haunitoshi. Nikaona majina ya kamati iliyoziandika kanuni hizi. Watu saba. Wanne ni wakurugenzi wa benki yenu. Wa tano ni wakili wa benki yenu. Wa sita ametoka Wizarani, na sina shaka ndiye aliyebeba kalamu. Wa saba anaitwa "mwakilishi wa wafugaji". Nikatafuta anwani yake. Sanduku lake la posta ni lile lile la makao makuu yenu! Huyo anafuga nini humo ndani ya sanduku, Bwana Situma? Mende?

Sisi wananchi tunaichagua serikali mara moja kwa miaka mitano. Benki huichagua kila Ijumaa, hotelini, kabla ya chakula cha mchana. Serikali hii Mungu aliipa masikio mawili, na yote mawili imeyaweka dhamana. Tukipiga kelele haisikii, kwa sababu masikio si yake tena, yako kwenye kabati lenu la chuma.

Nakuona vizuri kutoka hapa. Tai nyekundu. Kitambi kimetangulia, wewe unafuata. Je, mke wako anajua kazi unayoifanya mchana kutwa?

Na nijibu hili: katika kurasa hizi zote kuna mahali popote mwananchi ameachiwa mlango, hata wa kupitishia kichwa?

Kaluki Ndolo.


Kajiado.
21 Mei 1999

Bi. Kaluki Ndolo,

KUH: BARUA YAKO YA TAREHE 14 MEI

Imepokelewa. Kuhusu tai, kitambi na mke, benki haina maoni.

Umeuliza kama mwananchi ameachiwa mlango. Sina ruhusa ya kumshauri mtu anayezipinga kanuni, kwa hiyo sikushauri. Nanakili tu, kwa ajili ya faili, kifungu cha 14, kilicho ukurasa wa mwisho ambao wasomaji wengi huwa hawaufikii:

"Kabla ya kanuni kuanza kutumika, tawi litakuwa na siku moja ya majaribio mbele ya afisa wa Wizara, nalo litawaandikisha wauzaji wote watakaofika kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Likishindwa kuwaandikisha wote, kanuni zitarudishwa Wizarani zikaangaliwe upya."

Siku hiyo ni Jumatano, tarehe 14 Julai. Tawi lina madirisha mawili ya kuhudumia watu. Moja halifunguki vizuri.

Wako mtiifu,
N. Situma,
Meneja wa Tawi.


Kitengela.
2 Juni 1999

Bwana Situma,

Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kurasa nne za matusi. Niliona unajigamba: siku yenu ya majaribio, afisa wenu, madirisha yenu. Nilikuwa nalamba bahasha pale Isaak Mustafe alipoingia buchani kuniuliza nataka mbuzi wangapi. Isaak ni mchuuzi. Huleta mbuzi kutoka Garissa, na ndiye mtu pekee Kitengela anayethubutu kunikatiza nikisoma kwa sauti. Nikamsomea barua yako.

"Mama Kaluki, huyu mtu anakuambia nini?"

"Anajigamba, si unasikia!"

"Soma tena hapo kwa dirisha."

"Moja halifunguki vizuri."

"Sasa ni benki gani umewahi kusikia ikitangaza dirisha lake ni bovu?"

Nilinyamaza. Isaak anasema mimi hunyamaza mara mbili kwa mwaka, na hiyo ilikuwa ya kwanza.

Basi nimezichana kurasa tatu. Moja nimeiweka, ni nzuri mno kuitupa. Wewe ni adui wa aina gani, sijui. Lakini niambie: wakifika wauzaji wa mnada mzima, wa Kitengela na wa Kajiado, siku moja, wakiwa wapole kama kondoo, mtawaandikisha vipi?

Kaluki Ndolo.


Kajiado.
9 Juni 1999

Bi. Kaluki Ndolo,

KUH: BARUA AMBAYO HAIKUFIKA

Barua yako ya tarehe 2 Juni ilipotea njiani. Ndiyo maana haimo kwenye faili. Kama ingefika, ningekanusha vikali yote yaliyomo.

Kwa taarifa ya umma, masharti ya kumwandikisha muuzaji ni haya. Afike yeye mwenyewe. Asomewe fomu yote kwa lugha anayoielewa. Maswali yake yote yajibiwe. Atie sahihi isiyofanana na ya mteja mwingine yeyote.

Nakumbusha pia kwamba jiwe moja tu, au tusi moja dirishani, litampa afisa wa Wizara sababu ya kuandika kwamba majaribio yalivurugwa na wahuni, na kanuni zitapita siku hiyo hiyo. Foleni si vurugu.

Wako mtiifu,
N. Situma,
Meneja wa Tawi.


Kitengela.
10 Julai 1999

Bwana Situma,

Tunakuja. Hatutabeba jiwe. Nimewaambia watu: mwaka wa themanini na nane tulipigishwa kura ya mlolongo, na milolongo mirefu ikatangazwa imeshindwa na mifupi. Kwa hiyo kupanga foleni tunajua, na deni la foleni tunalidai.

Lakini nina jambo la kunikosesha raha. Kwa wiki tano nimekuwa nikiwafundisha watu kuandika majina yao nyuma ya bucha, kwa mkaa juu ya ubao. Nilitaka afisa yule aone watu wanaojua wanachokitaka. Kila mtu na jina lake, limeandikwa wazi. Juzi Mzee Metito, mfugaji wa huko Isinya, ameniharibia darasa.

"Mimi sifundishwi sahihi. Niko nayo."

"Iko wapi, mzee?"

"Kwa ng'ombe."

Ni ile alama ya moto wanayowachoma ng'ombe ubavuni! Nikamweleza kwamba hiyo ni chapa, na sahihi ni kitu kingine. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ni kitu kingine. Akaondoka, na wanaume wote wa ukoo wake wakaondoka naye, thelathini na saba, wakaniachia mkaa wangu.

Naogopa afisa atacheka. Ataandika kwamba hawa ni watu wasiojua kalamu, wanaohitaji benki iwashike mkono. Naogopa tutaupoteza mnada kwa ajili ya kichwa kigumu cha mzee mmoja. Nakuambia wewe kwa sababu kila mwingine nikimwambia jambo ananipigia makofi.

Kaluki.


Kajiado.
15 Julai 1999

Bi. Kaluki,

KUH: SIKU YA MAJARIBIO

Utaratibu unanitaka nikupe taarifa. Wewe ulikuwa nje, kwa hiyo nakuandikia ya ndani.

Tulifungua saa tatu kamili. Afisa wa Wizara, Bw. Ndung'u, alikuwa ameketi kwenye kiti changu na saa yake mezani. Wa kwanza dirishani alikuwa Isaak Mustafe. Alisomewa fomu yote, akaisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa. Lakini mimi ni Mwislamu, sitaki riba. Niandikie hapo kwamba hamtanipa." Florence, karani wangu, akatafuta nafasi ya kuandika jambo hilo. Haipo. Tukapiga simu makao makuu. Wakasema ni mara ya kwanza mtu kupiga simu kuzikataa pesa zao, tungoje waulizane. Tulingoja hadi saa nne. Nyuma yake, Waislamu wengine kumi na wanne walikuwa na swali lile lile.

Ndipo akaja Mzee Metito. Aliweka kidole kwenye wino akachora alama yake kwenye kadi ya sahihi, pole pole, vizuri sana. Florence akaipokea. Akaja wa pili, akachora. Florence akaitazama kadi, akaitazama ya kwanza.

"Mzee, hii ni sahihi ya yule aliyetangulia."

"Ndiyo."

"Yako sasa iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo?"

"Hamwezi kuwa na sahihi moja watu wawili!"

"Wawili?" Akageuka akawaonyesha wenzake waliokuwa mlangoni. "Tuko thelathini na wanane. Msichana, babu yetu ni mmoja. Wewe ulitaka tuwe na babu wangapi?"

Bw. Ndung'u aliinuka kwenye kiti changu. Hakuwa amecheka. Akamwuliza Metito, "Sasa benki itajua vipi pesa ni za nani?"

"Sisi tunajua. Ni wewe hujui."

"Lakini sahihi ni ya kumtambulisha mtu!"

"Ng'ombe wangu akipotea mpaka Namanga," Metito akasema, "alama hii itamrudisha nyumbani. Yeyote akiiona anajua ni wetu. Hiyo yako, wewe ukipotea Namanga, ni nani ataisoma akurudishe?"

Bw. Ndung'u aliketi. Akaliandika swali hilo kwenye daftari lake, neno kwa neno. Nililiona.

Hatukuweza kuwakataa, kwa sababu walikuwa wauzaji halali wa mifugo na walikuwa wamefika wenyewe. Hatukuweza kuwapokea, kwa sababu kadi zao zilifanana. Tukapiga simu makao makuu tena. Nilishika simu nikisikiliza muziki mpaka sikio likawa moto. Hakuna mzee aliyepandisha sauti. Walikuwa wakiniuliza kama nimekunywa maji.

Saa tisa tulikuwa tumemaliza kuandikisha watu kumi na mmoja. Afisa alitoka nje akaitazama foleni, akatembea nayo hadi ilipovuka reli, akarudi na vumbi kwenye viatu. Akaandika: "Tawi limeshindwa." Nikatia sahihi chini yake. Sahihi yangu haifanani na ya mtu yeyote duniani. Miaka kumi na tisa nimeitumia, na jana ndiyo mara ya kwanza nilipoiona ni kitu cha upweke.

Kuna jambo moja zaidi, na hili haliingii kwenye faili. Saa saba nilitoka kuvuta hewa mlangoni. Mama mmoja mwenye aproni ya bucha alinipa kikombe cha chai akasema, "Kunywa, msichana, umechoka. Huyo meneja wenu mwenye kitambi anajificha wapi?" Nikamwambia yuko, ana kazi nyingi.

Nisamehe. N. ni Nelima. Sina mke. Tai sijawahi kuvaa.

Nelima Situma.


Kitengela.
18 Julai 1999

Nelima!

Mungu atakusamehe, mimi nipe wiki moja. Nimekutukana kitambi kwa barua, halafu nikakuita msichana, na wewe ukanywa chai yangu ukaniangalia machoni! Nilikimbia kumwambia Mzee Metito kwamba meneja ni mwanamke. Akanisalimia kwanza kwa Kimaasai, "Takwenya," nami sikujibu vizuri kwa haraka niliyokuwa nayo. Akasema, "Nelima? Huyo hununua maziwa kwangu kila Jumatatu." Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema kila alipokuja buchani alinikuta nasoma.

Huyo mzee nimemwomba msamaha mbele ya watu, na wewe unajua msamaha kwangu si kitu cha kila siku. Nilidhani atatuaibisha. Mimi niliyesoma kila karatasi iliyowahi kufunga nyama, nilikuwa nimebeba akilini dharau ile ile ya wale watu saba: kwamba asiyeandika kama mimi hajaandika. Nilikuwa na mkaa mkononi nikiwafundisha watu kalamu, kumbe kalamu yao inasomeka mpaka mpakani.

Sasa sikia ya nje, maana wewe uliyakosa. Ilipofika saa nne, Isaak alipokuwa amewafunga ndani, huku nje watu walikuwa wamekuja na mbuzi wao, kwa sababu Jumatano ni mnada wa Kajiado na mtu hawezi kuacha mbuzi nyumbani siku ya mnada. Askari wawili walitumwa kutulinda dhidi yetu sisi wenyewe. Mmoja akauliza, "Huyu dume ni pesa ngapi?" Akajibiwa, "Afande, tuko kwa foleni ya sheria. Nenda benki." Watu walicheka mpaka foleni ikapinda. Keziah wa mboga alianzisha nyimbo za kanisani, wazee wa Metito wakaingiza zile sauti zao nzito za kifuani, na Waislamu wakapiga makofi, na nakuambia, kama kuna kwaya ya namna hiyo mbinguni mimi nitajitahidi kufika. Hakuna aliyesukuma. Mtu akienda haja alirudi akakuta nafasi yake imewekwa.

Nimepigana na serikali tatu, mabaraza mawili na shemeji zangu wote. Nilizoea kushindwa nikiwa na haki, na unajua hiyo nayo ina utamu wake mbaya. Sikujua kuwa na haki na kushinda vinaweza kukutana siku moja, tena mchana kweupe, katikati ya harufu ya mbuzi.

Lakini bado Wizara haijasema neno. Na wewe je, watakufanya nini?

Kaluki.


Kajiado.
4 Agosti 1999

Dada Kaluki,

Wizara imesema. Taarifa imefika leo, mistari minne: kanuni zimeondolewa, na kamati imevunjwa. Bw. Ndung'u aliambatisha lile swali la Namanga kwenye ripoti yake, na nasikia mwanasheria mkuu wa Wizara alipolisoma alilifunga faili.

Mnada wenu ni wenu. Uzeni mkono kwa mkono mpaka mchoke.

Mimi nimehamishiwa Oloitokitok, tawi dogo kuliko yote, chini ya mlima, katikati ya mashamba ya nyanya na vitunguu. Kwenye barua ya uhamisho kosa langu limeandikwa hivi: "Kujibu barua za wananchi kwa ukamilifu uliopita kiasi." Nimeikata sentensi hiyo nimeiweka kwenye fremu. Usinionee huruma. Nilipoisoma nilicheka peke yangu ofisini mpaka Florence akaja kuangalia kama mimi ni mzima.

Naondoka Jumapili. Jumamosi nitapitia Kitengela. Nataka kununua mbuzi wa kuwakaribishia wafanyakazi wenzangu wapya.

Nelima.


Oloitokitok.
16 Agosti 1999

Dada Kaluki,

KUH: MBUZI

Jumamosi ile nilisimama katikati ya mnada wenu na noti mkononi na hakuna mtu aliyeniuliza karatasi. Ulikuwa umeshanitambulisha kwa kila mtu kwa sauti yako ile, wakanipigia vigelegele kama bibi harusi, na Mzee Metito akanipa fimbo. Nikamwambia Isaak nataka mbuzi mnene kuliko wote. Wa nini, sikumwambia. Akapita katikati yao akishika mgongo huyu na yule, akanitolea mmoja. "Dada Nelima, huyu nilikuwa nimemficha. Hutapata mwingine." Tukapigana viganja, ikawa imekwisha. Kwenye benki sijawahi kumaliza kazi haraka namna hiyo.

Sasa nafikiri alidhani naanza kufuga, akaniuzia aliye bora. Jana, Jumapili, wageni wakiwa wamealikwa, sufuria ikiwa mekoni na mchinjaji ameshafika na kisu chake, mbuzi huyo alilala chini mbele ya mlango wa benki, akakataa kuinuka. Mchinjaji alimtazama, akarudisha kisu alani akaniambia nilete maji. Kufikia saa sita alikuwa amezaa. Mapacha, jike na dume, na jike tayari lilikuwa linajaribu kupanda ngazi.

Wageni walikula maharagwe. Walikaa mpaka jua lilipoondoka mlangoni pangu, wakibishana watoto wale waitwe nani.

Nelima.